Baiti Nane za Mstari wa Watoto

Mnaoshika karatasi hii, nivumilieni kwanza. Mkono wangu ni mbaya. Herufi zangu hulala upande kama nyasi zilizopigwa na upepo, na mara nyingi sijui neno likatwe wapi. Nilisoma mpaka darasa la sita, basi. Ukurasa mmoja hunichukua asubuhi nzima. Tuna mashini nyumbani, na kwa mashini maneno yangetoka safi, yamenyooka. Lakini nimeamua kutumia kalamu. Sababu yake mtaiona.

Tunakaa Baraka, karibu na ziwa. Mama anauza mandazi pale ambapo boti za Ubwari na Kazimia hushusha watu. Baba ni mvuvi. Hurudi nyumbani siku za mwezi mkubwa, maana ndagala, dagaa wetu, hawaji kwenye taa mwezi ukiwaka. Kaka yangu, ambaye namwita yaya, alisoma mambo ya kompyuta kule Uvira miaka miwili. Karo ilipokatika akarudi na mashini moja ya zamani na paneli mbili za jua, akafungua chumba cha kuchajia simu na kuandikia watu barua. Mimi nikawa wa kupokea simu na kuzibandika namba. Kazi hiyo ilinifaa kwa sababu haitaki maneno mengi. Mtu akinitazama usoni na kuniuliza kitu, ulimi wangu hukauka. Wateja walijua. Walikuwa wakisema yaya ana mashini mbili, moja inakula jua, nyingine inakula bugali, na zote mbili hazisemi.

Yaya alinifundisha lugha ya C katika chumba hicho, wakati wa mvua, siku ambazo hapakuwa na jua la kuchajia wala mteja. Aliona nilivyopanga simu mezani mstari kwa mstari, na nilivyoandika kwenye kadi ya kila mtu: mstari wa tatu, ya tano. Akasema hiyo ni safu ya pande mbili na mashini inaijua sana.

Alinieleza kwamba kumbukumbu ya mashini haina mistari. Ni njia moja ndefu, nyumba baada ya nyumba, kama barabara ya kupanda Fizi, na kila nyumba ina anwani yake. Mistari ni mapatano yetu tu. Ukitaka safu, njia ziko mbili. Ya kwanza, unataja hesabu tangu mwanzo: mistari kumi na miwili, kila mmoja nafasi arobaini. Mashini inakukatia kipande kimoja kikubwa, vyote vimeshikana, ujaze usijaze. Ya pili unaomba kidogo kidogo kwa amri inayoitwa malloc. Kwanza unaomba orodha ya anwani za mistari. Kisha kwa kila mstari unaomba nafasi zake, nyingi au chache, na anwani yake unaiandika kwenye ile orodha. Mistari inakaa mbalimbali, huku na huku, na orodha ndiyo inayojua kila mmoja uko wapi.

Nilijifunza polepole. Yaya alisema naandika kama kinyonga anayevuka barabara, lakini kinyonga, akasema, hagongwi mara mbili. Alinipa sheria moja niliyoishika kuliko zote: kitu kinachofanya kazi usikiguse.

Sasa niseme habari ya ziwa. Kwa miaka kadhaa maji yamekuwa yakipanda. Yalichukua jiko la jirani, kisha njia ya chini, kisha yakafika kwenye makaburi ya zamani. Wazee wa kanisa na wa familia walikaa, wakapatana kwamba mifupa itahamishwa kwenye mlima, na kila familia itaje watu wake. Shida ilikuwa kwamba misalaba ya miti ililiwa na mchwa zamani, na watu wengi waliozika pale walivuka ziwa miaka ya mbio, wakati wa vita, na hawakurudi. Aliyejua wote wamelala wapi alikuwa mtu mmoja tu. Bibi yangu, mama yake baba.

Bibi hakuvuka ziwa hata mara moja. Wengine walipokimbia, yeye alibaki, akawazika waliobaki wakafa. Alipalilia mistari yote. Kila familia ilikuwa na mstari wake, mrefu au mfupi. Ule wa Warundi waliokuja kulima ulikuwa na makaburi mawili tu, mwanamke na binti yake. Na ule wa chini kabisa, karibu na maji, haukuwa wa familia yoyote. Ulikuwa mstari wa watoto wachanga, ukianzia kwenye jiwe jeusi.

Katika nyumba ya bibi, na katika nyumba nyingi za rika lake, mtoto mchanga hakuwekewa msalaba, na mama yake hakuonyeshwa mahali, muda wote aliokuwa bado anazaa. Walisema moyo wa mama ungebaki pale chini na tumbo lingefuata moyo. Mama yangu alizaa mtoto wa kiume kabla ya yaya na kabla yangu. Aliishi majuma matatu, akazikwa baba akiwa ziwani. Mama mwenyewe alikuwa na homa, hajui mchana wala usiku, na alipopata nguvu bibi alimwambia imekwisha. Mama hakuuliza. Mkwe hambani mama mkwe wake. Akaendelea kuzaa, akaendelea kukaanga mandazi, na kila alipopita karibu na makaburi aliinamisha macho asije akaona asichotakiwa kuona.

Habari ya kuhamisha ilipotangazwa kanisani, mama alinifuata kwenye chumba cha simu. Hajawahi kuja pale saa za kazi. Alijifuta unga mikononi kwa muda mrefu.

“Mi siwezi kumuuliza bibi yako,” akasema. “We uko mujukuu. Mujukuu anauliza tu.”

Nikauliza. Bibi hakushangaa. Alisema alikuwa anangoja nani kati yetu atakuja, na alitumaini si yule wa Uvira, maana yule anasema sana.

Tulikwenda asubuhi tatu. Yeye na fimbo, mimi na daftari, kaye kama tunavyosema huku. Aligusa ardhi kwa fimbo na kusema jina, nami naandika, naye anasimama kuningoja. Alikuwa anawasema wafu kama majirani waliokaa barazani. Kwa mmoja alisema: “Huyu aliniibia kuku. Umuandike, lakini na herufi kidogo.” Kwa mwingine: “Andika mbio, huyu hakupendaka kungoja.” Nilicheka mpaka kalamu ikaniponyoka. Sidhani nimewahi kuwa na mtu kwa muda mrefu namna ile bila kuona haya.

Asubuhi ya tatu tulifika mstari wa watoto. Walikuwa thelathini na mmoja. Vituta vidogo, vingine vimelala kabisa, na majani. Hapo bibi hakufanya mzaha. Aliwataja kwa mama zao, mtoto wa fulani, mtoto wa fulani, nami nikawa nyuma, nikainama kwenye kaye ili nisiachwe. Akasimama.

“Huyu ni wa mama yako,” akasema. “Niliapa sitamuonyesha. We haukuapa. Umuambie siku ya jembe, siku ya kuwatoa, si mbele ya hiyo, asikuje kulala hapa.”

Niliandika. Niliandika vizuri kuliko jina lolote lingine. Lakini sikuinua macho. Niliogopa kumtazama bibi usoni, na niliogopa kuitazama ile ardhi, basi nikatazama karatasi.

Nikaanza kuyaingiza majina kwenye mashini. Nilitumia njia ya kwanza kwa sababu ni rahisi: mistari kumi na miwili, nafasi arobaini kila mstari, na kila nafasi herufi sitini za jina. Ni safu ya pande tatu, nikaipa jina makaburi. Yaya alinisaidia kuandika mstari wa programu wa kuhifadhi. Unasema hivi: chukua makaburi, pima ukubwa wake, andika yote kwenye faili. Tukajaribu na mstari wa familia yetu. Ikaandika, ikasoma, ikaandika tena. Juma lile yaya aliitwa Kalemie kwenda kufunga paneli, akapanda boti. Aliniachia mashini na ufunguo.

Bibi alikuja kuona. Nilimwonyesha mstari wetu kwenye kioo, majina kumi na saba, na baada yao vistari vidogo ishirini na vitatu mahali pasipo na mtu. Hajui kusoma, lakini anajua kuhesabu. Akaweka kidole kwenye kistari cha kwanza.

“Na hawa?”

Nikamwambia si watu, ni nafasi.

“Nafasi ya nani?”

Nikasema ya hakuna mtu, mashini inataka tu kuwa na nafasi.

“Kaburi haichimbwe mbele ya muntu kufa,” akasema. “Umemuchimbia nani? Mi? Mama yako?”

Wateja wawili waliokuwa wanangoja simu zao waligeuka wakanitazama. Kwetu kaburi huchimbwa siku ile ile, na likichimbwa halilali wazi. Hata watoto wanajua. Na mimi nilikuwa nimechimba mamia, mstari kwa mstari, nikayaacha wazi. Bibi akatoka akaketi nje, akanipa mgongo. Nilimfuata nikamwambia nitayafukia yote.

Hapo nikakumbuka njia ya pili. Siku mbili nilibadilisha programu. Niliomba orodha ya mistari. Kwa mstari wa Warundi niliomba nafasi mbili, si zaidi. Kwa mstari wetu kumi na saba. Kwa watoto thelathini na moja. Na ndani ya kila nafasi niliomba herufi kadiri ya jina lake, na moja ya mwisho ya kufungia, kwa hiyo mwenye jina fupi alipata pafupi na mwenye jina refu alipata parefu. Nilikosea mara nyingi. Mashini ilinikatalia, nikarudi, nikahesabu kwa vidole. Ilipokubali, nikaanza kuandika majina yote kutoka kwenye kaye, siku nne, na jua lilikuwa zuri. Mashini sikuizima hata mara moja. Nilikuwa nafunga kifuniko inalala, nafungua inaamka, na majina yapo.

Mstari wa kuhifadhi sikuugusa. Ulikuwa unafanya kazi.

Bibi akaja tena. Nikamshushia majina yote kwenye kioo, mstari baada ya mstari. Kila mstari ulikoma pale wafu wake walipokoma. Akatazama muda mrefu, akaniomba nimtajie wa kuku. Nikamtajia.

“Sasa ni muzuri,” akasema. “Kila muntu na kitanda yake.”

Mbele yake nikahifadhi. Mashini ikaandika kwenye kioo: Imehifadhiwa. Neno hilo nililiandika mimi mwenyewe ndani ya programu. Nililiagiza litokee baada ya kuhifadhi, na lingetokea tu, hata kama kisichohifadhiwa ni dunia nzima.

Nilibaki na kaye. Nikaitazama, ile miandiko yangu iliyopinda, majina yaliyokatwa vibaya, doa la jasho. Nilifikiri siku ya jembe wazee wataiona, watasema mtoto huyu kweli alimaliza darasa la sita? Nikachana kurasa nikampa mama afungie mandazi. Aliuliza kama hazina kazi tena. Nikamwambia zote ziko ndani ya mashini, salama. Alifurahi, maana karatasi ni shida. Hajui kusoma, naye. Alifunga mandazi kwa ukurasa wenye mtoto wake mwenyewe akamkabidhi mtu wa boti.

Bibi aliugua siku chache baadaye, kifua, na hakukaa. Alikuwa wa kwanza kuzikwa kule mlimani kwenye makaburi mapya. Kaburi lake lilichimbwa siku ile ile. Nilisimama pale kuhakikisha. Chumba cha simu tulikifunga kwa ajili ya matanga. Mvua ilinyesha siku zote zile. Mashini ilikuwa imelala ndani ya mfuko wake, na betri ikaisha polepole bila mtu kujua, ikazima.

Matanga yalipokwisha, wazee walitaja siku ya kuanza kuchimba. Nikawasha mashini, nikafungua programu. Ikaanguka. Nikafungua tena, ikaanguka, yaani ikajifunga yenyewe, ikatoa yale maneno mawili ambayo yaya alinifundisha kuyaogopa, yanayosema umegusa mahali pasipo pako. Nikampigia yaya simu Kalemie. Nilikuwa na haya hata na yaya. Aliniuliza faili lina ukubwa gani.

“Baiti nane,” nikasema.

Akaniambia nirudie hesabu. Nikarudia.

“Mudogo,” akasema, “na mustari ya kuchunga, ile ya kuhifadhi, uliibadilisha?”

Nikasema hapana, si alisema kinachofanya kazi nisikiguse.

Akanieleza pole pole, kama mtu anayemshika mwingine mkono kumvusha mahali pabaya. Zamani, jina makaburi lilikuwa la kile kipande kizima. Mashini ikiambiwa pima, inapima vyote, herufi elfu ishirini na nane na mia nane. Lakini nilipoomba kidogo kidogo, jina makaburi lilibaki ni la anwani tu, anwani ya ile orodha. Nikiiambia pima, inapima anwani. Anwani ina baiti nane, sawa na herufi nane tu. Ikaziandika hizo nane kwa uaminifu, ikaniambia imehifadhiwa. Majina yalibaki kwenye kumbukumbu, na kumbukumbu huishi muda ule tu umeme unapopita.

“Ulichunga adresi ya nyumba,” akasema. “Nyumba haukuichunga.”

Nilimwambia mama mbele ya sufuria ya mafuta. Sikuweza kusema kwa mpango. Nilisema mashini imesahau. Akauliza kama na wa kwake. Nikasema na wa kwake. Alichukua mwiko akageuza mandazi yaliyokuwa yanaungua, yote, moja moja, akayatoa. Kisha akaketi chini.

Siku zilizofuata nilikwenda kwenye boti, mimi nisiyeweza kusalimia mtu, nikauliza watu kama wana karatasi za mandazi. Walinicheka, kisha walipojua hawakucheka. Mtu mmoja wa Kazimia alirudi na ukurasa uliolowa mafuta, ameutoa chini ya godoro la boti. Ulikuwa mstari wa tatu. Familia ya mstari wa tatu walimpa samaki.

Mistari mingine familia zake zilisaidiana, huyu anakumbuka mmoja, yule mwingine. Lakini ule wa watoto hauna familia. Mama alinichukua pale, akaniambia nitembee nilivyotembea na bibi. Nikatembea. Nakumbuka fimbo. Nakumbuka udongo ulioshika ncha ya fimbo, na mchwa mmoja akipanda juu yake. Mahali sikumbuki. Nilikuwa natazama karatasi.

Kina mama kumi na saba walikuja na uhakika wao. Wengine walikuwa wameonyeshwa kwa siri na waume zao miaka mingi iliyopita. Watoto hao kumi na saba wamehamishwa. Wamebaki kumi na wanne. Wazee walitaka kuwachukua wote kumi na wanne kwenye shimo moja kule mlimani, yaishe. Mama, ambaye sijamsikia akiwapinga wazee, alisimama.

“Mumoja ni wangu,” akasema. “Kumi na tatu ni ya benyewe. Siwezi kuchukua mutoto ya muntu.”

Wakamwacha kwa sasa. Kila alfajiri, kabla ya kuwasha moto, anakwenda kupalilia vituta vyote kumi na vinne, sawasawa, hakuna anachokikalia muda mrefu kuliko kingine. Nilipima jana kwa miguu yangu kutoka kituta cha mwisho mpaka maji. Hatua tisa. Mwezi uliopita zilikuwa kumi na mbili.

Nimeandika upya programu. Sasa inaandika kila mstari na kila herufi kwenye faili, na naizima na kuiwasha makusudi ili nione kama inakumbuka. Inakumbuka. Lakini haina cha kukumbuka.

Kwa hiyo naomba. Kama wewe unayesoma uliwahi kuzika mtoto mchanga kwenye mstari ule wa chini, Baraka, au mama yako, au shangazi yako alizika, hata kama sasa mko ng'ambo ya ziwa, au Makobola, au mbali zaidi, niandikie. Niambie ni kituta cha ngapi kutoka kwenye jiwe jeusi, au ni karibu na nini. Kila barua itatoa mmoja kati ya kumi na wanne, na wa kwako tutamhamisha kwa heshima. Wakitoka kumi na watatu, atakayebaki atakuwa wa mama. Mpe barua mtu yeyote wa boti inayokuja huku, umwambie ni ya mtoto wa mama wa mandazi. Itafika. Andika na mkono wowote ulio nao, ukiwa mbaya kama wangu si kitu. Karatasi yako sitaichana.